Upandikizaji wa konea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu aina za upasuaji na matokeo yake baada ya miaka mingi

Maswali haya huulizwa na wagonjwa na ndugu zao, mengine kabla ya upasuaji, mengine miaka kumi baadaye. Ukiona jibu linakuelekeza kwenye swali jingine, lifuate. Sikutaka kurudia jambo lile lile mara tatu. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari wako, ambaye ameliona jicho lenyewe.

## Misingi

1. Konea ni nini? Ni kweli jicho zima linabadilishwa?

Hapana. Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho, kinachofunika sehemu yenye rangi. Katikati unene wake ni nusu milimita na kidogo. Hicho tu, au sehemu yake, ndicho kinachobadilishwa. Retina, neva ya jicho na rangi ya jicho hubaki zako.

Ili uelewe mengine yote, shika matabaka matatu. Juu kuna epitheli, ngozi nyembamba inayoota upya ikichubuka. Katikati kuna stroma, ambayo ni karibu unene wote wa konea na ndiyo inayoipa umbo. Ndani kabisa kuna endotheli, safu moja tu ya seli iliyolala juu ya utando mwembamba uitwao utando wa Descemet. Seli hizo ni pampu: hutoa maji kwenye konea usiku na mchana ili ibaki angavu. Mtu mzima huwa na seli kama 2,500 kwa kila milimita mraba. Zikifa hazizaliwi nyingine, bali zilizobaki hutanuka kuziba pengo. Zikipungua hadi kufikia 500 hivi, konea huwa karibu na kuvimba na kuingia ukungu. Ukizikumbuka seli hizi, nusu ya ukurasa huu umeshauelewa.

2. Herufi zilizoandikwa kwenye cheti changu zina maana gani?

PK ni upandikizaji wa unene wote: kipande cha duara cha konea yako hukatwa kuanzia juu hadi ndani, na cha mchangiaji hushonwa mahali pake kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hii ndiyo njia kongwe. Desemba 1905, huko Olomouc, Eduard Zirm aliifanya kwa kibarua aliyeunguzwa macho kwa chokaa, na jicho lake moja likabaki na konea angavu. Huo ndio upandikizaji wa kwanza wa konea kwa binadamu uliofanikiwa.

DALK hubadilisha epitheli na stroma lakini huacha utando wa Descemet na endotheli yako mwenyewe. DSAEK na DMEK hufanya kinyume chake: huacha sehemu ya mbele na kubadilisha pampu za ndani tu. Katika DSAEK kipandikizi huja na ukanda mwembamba wa stroma, mara nyingi mikroni (elfu ya milimita) 100 hadi 200. Katika DMEK, iliyoanzishwa na Gerrit Melles wa Uholanzi mwaka 2006, huja utando na seli zake peke yake, unene wa mikroni 15 hivi. Vyote viwili hubandikwa kwa kiputo cha hewa au gesi, na ndiyo maana mgonjwa huambiwa alale chali.

3. Je, ninaweza kuchagua aina ninayoitaka?

Kwa sehemu kubwa ugonjwa umeshachagua. Kama endotheli yako ni nzima na tatizo ni umbo au kovu, kama ilivyo kwa keratokonasi, yaani konea inayochongoka kama pia, DALK ndiyo hufikiriwa kwanza. Kama pampu zimechoka, kwa ugonjwa wa Fuchs, ambao seli za endotheli hufa mapema, au baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, ni DSAEK au DMEK. Kama matabaka yote yameharibika, au konea imetoboka, PK bado haina mbadala.

Jambo unalopaswa kuuliza kwa sauti ni hili: daktari huyu hufanya aina hii mara ngapi? DMEK na DALK ni ngumu kujifunza. DSAEK iliyofanywa na mkono ulioizoea ni bora kuliko DMEK ya kubahatisha.

## Kipandikizi hudumu muda gani?

4. Nipe namba: ni miaka mingapi?

Inategemea kwanza kwa nini ulipandikizwa, kisha ndipo aina ya upasuaji. Watu husikia hili kama njia ya kukwepa swali, kwa hiyo namba zenyewe ni hizi.

Nchini Marekani, utafiti mkubwa wa wachangiaji wa konea uliwafuatilia kwa miaka kumi wagonjwa zaidi ya 1,000 waliofanyiwa PK, wengi kwa ugonjwa wa Fuchs au uvimbe wa konea baada ya mtoto wa jicho kutolewa. Miaka mitano baadaye, vipandikizi 86 katika kila 100 vilikuwa bado vinafanya kazi. Kwa miaka kumi, vilikuwa 77 kwa waliopata konea za wachangiaji wa umri wa miaka 12 hadi 65, na 71 kwa wachangiaji wa miaka 66 hadi 75.

Rejesta ya vipandikizi vya konea ya Australia, inayokusanya taarifa tangu 1985, inaonyesha upande wa pili. Kwa wagonjwa wa keratokonasi, 89 katika 100 vilikuwa hai baada ya miaka kumi. Hapo wengi hufunga kitabu wakafurahi. Lakini kufikia miaka 20 vilibaki kama nusu. Mgonjwa wa keratokonasi mara nyingi hupandikizwa akiwa na miaka 25 au 30, kwa hiyo miaka 20 baadaye bado ni mtu wa makamo mwenye kazi na watoto. Kijana anapoambiwa kwamba upasuaji huu hufaulu kwa asilimia 90, anastahili kuambiwa pia kwamba namba hiyo ni ya miaka kumi, na kwamba huenda akahitaji kipandikizi cha pili katika maisha yake.

Walio na hali ngumu zaidi ni wale ambao mishipa ya damu imeingia ndani ya konea, walioungua kwa kemikali, wenye macho makavu sana, wenye glakoma (presha ya macho inayoharibu neva) iliyofanyiwa upasuaji, na wale ambao kipandikizi cha kwanza kilishashindwa. Kwao namba za hapo juu hazifai kutumika.

5. Kwa nini kipandikizi kichoke ilhali mwili haujakikataa?

Kwa sababu ya zile pampu. Konea ya kawaida hupoteza seli kidogo sana, karibu asilimia 0.6 kwa mwaka. Iliyopandikizwa hupoteza kwa kasi zaidi: katika utafiti ule wa Marekani, miaka mitano baada ya PK takriban asilimia 70 ya seli zilikuwa zimekwisha, hata kwa vipandikizi vilivyokuwa angavu. Mgonjwa huona vizuri, daktari huona kioo safi, lakini akiba inaliwa kimya kimya. Siku pampu zilizobaki zinaposhindwa, ukungu huanza asubuhi, na hupungua kadiri siku inavyosonga. Kisha hauondoki tena.

6. Basi DALK, inayoacha pampu zangu mwenyewe, si itadumu milele?

Hoja hiyo ni sahihi, na ndiyo sababu naipenda DALK kwa vijana. Endotheli ni yako, kwa hiyo mwili hauna cha kuikataa, na seli hupungua taratibu kuliko baada ya PK. Kukataliwa kwa stroma kunaweza kutokea, lakini mara nyingi hutulizwa kwa dawa bila kipandikizi kupotea.

Hata hivyo rejesta ya Australia, ilipolinganisha upasuaji wa madaktari wa kila aina, mabingwa na wanaoanza, haikuona DALK ikiishinda PK. Utando wa Descemet unaweza kupasuka katikati ya kazi, na hapo upasuaji hugeuzwa kuwa PK. Stroma kidogo ikibaki mbele ya utando, ile sehemu ya kukutana inaweza kupunguza ukali wa kuona. Faida ya DALK huja inapofanywa vizuri, na huonekana zaidi katika mwaka wa 15 kuliko wa pili.

7. DSAEK na DMEK, ipi hudumu zaidi?

Kwa miaka mitano zinakaribiana sana: kwa ugonjwa wa Fuchs, katika vituo vyenye uzoefu, zaidi ya vipandikizi 90 katika 100 huwa vinafanya kazi kwa aina zote mbili. Tofauti iko kwingine. DMEK hutoa uonaji mkali zaidi na hukataliwa mara chache (swali la 12). Kwa upande wa pili, kipandikizi chake huachia kingo mara nyingi zaidi siku za mwanzo, na mgonjwa hurudishwa kuwekewa kiputo kingine. Jambo hilo huwatisha watu kuliko linavyostahili. Kipandikizi kilichobandikwa tena kinaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka.

Kwa jicho lenye bomba la glakoma, au lisilo na lenzi, au lenye ukungu mzito mbele unaomzuia daktari kuona anachofanya, DSAEK mara nyingi ndiyo salama.

8. Konea ya mzee wa miaka 70 si imechoka tayari?

Hofu hii ina mantiki, ila ushahidi haujaiunga mkono sana. Rudi swali la 4: kwa miaka mitano matokeo yalilingana, na kwa kumi tofauti ilikuwa ndogo. Benki za macho huhesabu seli za kila konea kabla ya kuitoa. Hesabu hiyo ina uzito kuliko mwaka wa kuzaliwa wa mchangiaji. Kwa upungufu wa konea uliopo, ambapo makadirio ya dunia yalikuwa konea moja kwa kila watu 70 wanaoihitaji, kumkataa mchangiaji mzee ni kumnyima mtu kuona.

## Kuona baada ya upasuaji

9. Mwenzangu aliona baada ya wiki tatu. Mimi ni mwezi wa sita bado ukungu. Kuna nini?

Pengine hakuna kibaya. Huenda mlifanyiwa upasuaji tofauti. Baada ya DMEK, wenye retina nzima huona vizuri ndani ya wiki hadi miezi michache, na wengi hufikia 6/7.5, yaani karibu na uonaji wa kawaida, au zaidi. DSAEK huchelewa kidogo na mara nyingi hukomea mstari mmoja chini yake kwenye ubao wa kupimia. PK na DALK zina nyuzi, na mpaka nyuzi zitulie au zitolewe, umbo la konea huendelea kubadilika. Mwaka mmoja ni kawaida, mwaka na nusu si ajabu.

Ukungu unaoongezeka ni jambo jingine kabisa. Nenda swali la 11, leo.

10. Nyuzi zitatolewa lini, na nitaendelea kuvaa miwani?

Konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo jeraha lake hupona polepole mno. Nyuzi za PK mara nyingi hukaa mwaka mmoja au zaidi. Za DALK hutangulia kidogo kutolewa. Uzi ukilegea au kukatika kabla ya wakati, jicho hukwaruza kama lenye mchanga. Usisubiri tarehe ya kliniki, kwa sababu uzi uliolegea huleta vijidudu na mishipa ya damu, na mishipa huleta kukataliwa.

Miwani, ndiyo, kwa walio wengi. PK na DALK kwa kawaida huacha astigmatizimu, yaani konea isiyo na mviringo sawa, ya dioptria 3 hadi 5 (kipimo cha nguvu ya miwani), maana kioo kilichoshonwa kwa mkono hakiwi duara kamili. Wengine hawaoni vizuri kwa miwani mpaka wavae lenzi ngumu za machoni. Kipandikizi kinaweza kuwa angavu kabisa na mwenye jicho asione vizuri bila lenzi hiyo. Linapohesabiwa fanikio, uliza ni fanikio la kioo au la kuona. DSAEK na DMEK haziharibu sana umbo la mbele, na hapo ndipo zimewazidi wazee wao kwa mbali.

## Mwili kukikataa kipandikizi

11. Nitajuaje kwamba kinakataliwa?

Kumbuka dalili nne: jicho kuwa jekundu, mwanga kuumiza, kuona kupungua, na maumivu. Si lazima zote zije. Hasa baada ya DMEK, kukataliwa kunaweza kuanza bila dalili yoyote. Moja tu ikikaa zaidi ya saa chache, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kukataliwa kukianza kutibiwa mapema kwa matone makali ya steroidi, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kipandikizi mara nyingi huokolewa. Wiki moja ya kusubiri ili kuona kama itapoa yenyewe inaweza kumaliza akiba yote ya seli.

Usitumie tone ulilobakiza nyumbani kabla ya jicho kuangaliwa. Kama wekundu ni wa vijidudu au tutuko la herpesi, steroidi peke yake itauchochea.

12. Aina ipi hukataliwa zaidi?

Kituo kimoja kilichochapisha matokeo yake mwaka 2012 kililinganisha wagonjwa wake ndani ya miaka miwili: PK asilimia 18, upandikizaji wa ndani wa aina ya kwanza (jamii ya DSAEK) asilimia 12, DMEK asilimia 1. Kadiri tishu ya kigeni inavyopungua, na nyuzi zinavyopungua, ndivyo mwili unavyopata machache ya kupigana nayo. DALK iko peke yake, kwa sababu zilizotajwa swali la 6.

13. Matone ya steroidi nitayaacha lini?

Si siku jicho linapokuwa jeupe, na si kwa uamuzi wako. Wengi huanza na mara nyingi kwa siku, kisha hupunguzwa kwa miezi. Baada ya DALK yanaweza kusimamishwa mapema zaidi. Baada ya aina nyingine, madaktari wengi huacha tone moja kwa siku kwa miaka, au maisha. Hata kwa DMEK inayokataliwa mara chache: wagonjwa walioacha matone baada ya mwaka mmoja walifuatiliwa, na karibu 6 katika 100 miili yao ilikataa kipandikizi mwaka uliofuata, huku kwa walioendelea hakuna kilichokataliwa.

14. Lakini steroidi si huleta presha ya macho?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Glakoma ndiyo adui asiyetajwa vya kutosha katika mazungumzo ya konea. Konea inaweza kubadilishwa tena, lakini neva ya jicho iliyokufa haibadilishwi. Ndiyo maana presha hupimwa kila ziara hata kama huna malalamiko. Ikipanda, usikimbilie kuacha matone. Kuna steroidi laini zaidi na dawa za kushusha presha, na daktari ataangalia mizani.

15. Je, lazima kundi la damu lilingane?

Kwa kawaida hapana. Konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo mwili huichukulia kwa upole kuliko figo au ini, na wengi hawahitaji vidonge vya kushusha kinga.

## Hali za pekee

16. Kipandikizi changu cha PK kimeshindwa. Ni mwisho?

La. Kama umbo lake la mbele lilikuwa zuri na kilichochoka ni pampu tu, inawezekana kubandika DSAEK au DMEK nyuma ya kile kile cha zamani, bila kukitoa. PK mpya ni chaguo jingine, ila kila marudio hudumu muda mfupi kuliko yaliyotangulia. Kwa waliokwisha kushindwa mara kadhaa kuna konea bandia. Hiyo ya Boston, iliyobuniwa na Claes Dohlman, ndiyo iliyotumika zaidi. Huhitaji uangalizi wa maisha, kwani hatari ya glakoma na maambukizi ni kubwa.

17. Ugonjwa wangu unaweza kurudi kwenye konea mpya?

Herpesi, ndiyo, kwa kuwa kirusi huishi kwenye neva, si kwenye konea iliyotolewa. Vidonge vya asiklovia huendelezwa kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Magonjwa ya kurithi ya stroma pia hurudi, taratibu. Keratokonasi huweza kuonekana tena baada ya miongo, na konea iliyobaki pembeni huendelea kukonda. Fuchs kwa kawaida haurudi.

18. Naweza kucheza mpira, kubeba mizigo, kuogelea?

Baada ya DSAEK na DMEK mlango wa upasuaji ni mdogo, na maisha hurudi karibu kawaida baada ya kupona. PK ni tofauti: kovu lake haliwi imara kama konea ya asili, hata baada ya miaka 20. Kiwiko au mpira unaweza kulipasua. Vaa miwani ya kinga kwenye kazi na michezo yenye hatari. Usisugue jicho, na mwenye keratokonasi asilisugue hata lile lisilopasuliwa.

19. Mtoto akipandikizwa?

Ni vigumu zaidi. Kinga yake ni kali, nyuzi hulegea upesi, na ubongo unaojifunza kuona hausubiri. Mara nyingi kazi kubwa huanza baada ya upasuaji: miwani, kuziba jicho lenye afya ili bovu lifanye kazi, na ziara za mara kwa mara.

20. Kuna njia ya kuepuka upandikizaji kabisa?

Kwa keratokonasi inayoendelea, ndiyo. Kuimarisha konea kwa riboflavini na mwanga wa urujuanimno husimamisha ugonjwa kwa wengi, mradi ifanywe kabla konea haijawa nyembamba mno na kovu halijaingia. Lenzi kubwa ngumu nazo huwaokoa wengi waliokuwa wameandikiwa upasuaji. Kwa baadhi ya wale ambao Fuchs imeshika katikati ya konea tu, utando mbovu huondolewa bila kuwekwa mwingine, na seli za pembeni husogea kuziba. Mwaka 2018 madaktari wa Kyoto walitangaza matokeo ya kudunga seli za endotheli zilizooteshwa maabara kwa wagonjwa 11, na mwaka 2023 Japani iliidhinisha tiba ya aina hiyo.

21. Imepita miaka 15, naona vizuri. Bado niende kliniki?

Nenda, angalau mara moja kwa mwaka, na uombe seli zihesabiwe kama kipimo kipo. Soma tena swali la 5: kipandikizi kinachokaribia kuchoka hakikuambii. Hesabu ikiwa chini, daktari atapanga mapema upasuaji wa mtoto wa jicho, au kubandika DMEK, kabla konea haijavimba na kuingia kovu. Ukienda beba cheti chako cha upasuaji. Baada ya miaka 15 daktari uliyemzoea huenda hayupo, na atakayekupokea anahitaji kujua ni konea ya aina gani anayoitazama.